Damu Iliyochelewa

Novemba 14

Theluji ya kwanza. Si ya maana, inchi moja tu, na imeyeyuka kabla ya adhuhuri. Lakini yadi ya jiji wametuita kufunga makoleo ya theluji mbele ya malori, kwa hiyo majira yameanza, na majira yakianza naanza kuandika. Corinne huwaambia watu kwamba mume wake anaongea miezi saba, na mitano iliyobaki anaandika.

Nimepangwa tena na Stosh Wojtas. Mimi usukani, yeye bawa la pembeni, lile koleo la ubavuni linalosukuma theluji kando. Mpaka Aprili nitakuwa nanusa soseji zake na kusikiliza mdomo wake.

Novemba 17, Jumapili

Leo nimeanguka mbele ya kanisa zima.

Ibada ilipokwisha tulishuka ukumbi wa chini kutoa damu. Ilikuwa kwa ajili ya Jonelle, binti wa Dada Lurleen Batts, ambaye ana ugonjwa wa selimundu tangu kuzaliwa na sasa ana miaka ishirini na mitatu. Amewekewa damu za watu tangu utotoni, nyingi kiasi kwamba mwili wake umeanza kuzikataa. Anatakiwa apate inayofanana na yake karibu kila kitu, na mchungaji alituambia damu kama hiyo ni rahisi kupatikana kwenye viti vya kanisa la watu weusi kama letu kuliko kwingine mjini. Nikanyoosha mkono. Mtu wa ratili mia mbili na arobaini, sina kisukari wala presha, ningeanzaje kukaa kimya?

Sikuwa nimekula kitu tangu jana jioni. Sindano yenyewe si chochote. Chupa ilipojaa, nesi mmoja wa makamo, nywele nyekundu zinazoingia mvi, jina lake Maureen, akaniambia nisiinuke kwanza. Nikamwambia mimi naendesha lori la theluji, mama, huku ni kuumwa na mbu tu. Nikainuka.

Nilifika mezani kwenye biskuti. Dada Lurleen alikuwa akigawa vikombe, akaniuliza jambo, nikaona midomo yake inacheza lakini sauti iko mbali, kama mtu amefunga mlango katikati yetu. Jasho likanitoka. Nikafikiria, nishike meza. Meza haikuwepo.

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, miguu juu ya kiti, kidevu kimepasuka, na watu wamenizunguka kama wanaangalia shimo. Na yule nesi, mzembe sijapata kuona, alikuwa amenimwagia kikombe kizima cha juisi ya tufaha mapajani. "Nisamehe, nisamehe, mikono yangu hii!" akawa anapaza sauti ukumbi wote usikie. Watu wakacheka. Jonelle akacheka kuliko wote: "Anko Wendell! Umeanguka kama jokofu lililoponyoka kwenye ngazi!"

Na mimi nikacheka. Corinne akanifunika koti lake kiunoni akanipeleka nyumbani.

Kuna jambo sikumwambia. Kabla giza halijafunga nilimwona baba. Alikuwa amesimama kwenye sinki ya jikoni anaosha kikombe, akaanguka, hakuamka. Nilikuwa mezani nafanya hesabu za shule. Leo nilifikiria: kumbe ndivyo inavyokuwa.

Novemba 18

Nyuzi nne kidevuni. Yadi nzima ikanitazama, ungedhani nimebeba bango.

"Nani kakupiga?" Stosh akauliza.

"Meza."

"Meza ya nani? Niambie, twende tukaitafute."

Nilijua atasikia tu, nikamwambia. Kosa. Mpaka saa nne karakana nzima ilikuwa inajua. Mmoja kaning'inizia mto kwenye usukani. Stosh kaandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo: TAHADHARI, DEREVA HUZIMIA.

Novemba 19

Maureen kapiga simu kuuliza naendeleaje. Nikamwambia vizuri. Akaanza kueleza kwa nini nilianguka, nikamwambia chakula kinapoa.

Novemba 22

Baridi. Stosh kaniletea glasi ya maji, akaishika kwa mikono miwili, akaniuliza kama naweza kuimeza peke yangu au amwite mama yangu.

Novemba 29

Simu tena. Safari hii alikuwa daktari wa benki ya damu. Amesema damu yangu imechunguzwa na ni ya aina isiyopatikana hovyo. Kuna mgonjwa mmoja inamfaa sana. Hakutaja jina, hawaruhusiwi. Alitaka kujua kama nitarudi wiki nane zikitimia.

Nikasema nitaona.

"Bwana Tarpley, tunajua ulizimia. Safari hii tutakulaza, tutakupa..."

Nikasema nitaona, nikakata.

Wagonjwa wa aina hiyo wangapi mjini Buffalo? Mimi si mjinga.

Desemba 1

Theluji futi moja na nusu kusini mwa mji, kwetu hakuna kitu. Theluji yetu hutoka ziwani, na ziwa linachagua pa kumwaga. Zamu mbili.

Desemba 2

Zamu mbili. Miguu inauma.

Desemba 8, Jumapili

Jonelle alikuwa kanisani. Amepungua. Macho yake yana manjano, lakini ulimi ule ule. Alikuwa anawasuka watoto nywele kwa ajili ya igizo la Krismasi, akanivutia kiti.

"Kaa, Anko. Kaa tu, usisimame ghafla."

"Na wewe pia?"

"Mimi ndiye mwenye haki kuliko wote. Huwa nazimia mara ngapi kwa mwaka? Mara moja tu umenifikia, unataka nikuache?"

Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye nywele za mtoto, akasema: "Wametafuta jimbo zima. Wamepata watu watatu. Mmoja mzee, ameshakataliwa na daktari wake. Mmoja yuko Georgia, wanaomba waletewe yake iliyogandishwa. Wa tatu yuko hapa hapa mjini. Alitoa mara moja, hajasema kama atarudi."

"Wamekuambia ni nani?"

"Hawasemi." Akafunga shanga kwenye ncha ya msuko. "Nina dhana zangu. Lakini siombi mtu kitu. Nimeomba sana maishani mwangu, Anko, inachosha."

Nikamwambia apumzike. Nikaenda kukunja viti ambavyo havikuhitaji kukunjwa.

Desemba 11

Simu ya Maureen. Sikupokea.

Desemba 13

Amepiga tena. Sikupokea. Ameacha ujumbe mrefu, sikuusikiliza.

Desemba 18

Dhoruba. Siku ya tatu. Upepo kutoka ziwani unasukuma theluji mlalo, huoni mwisho wa koleo lako mwenyewe. Leo tumefungua Mtaa wa Bailey mara nne na mara nne umejifunga nyuma yetu. Magari yameachwa katikati ya barabara kama watu waliokata tamaa. Tulipita kituo cha kutolea damu, mlango umefukiwa mpaka kwenye kitasa.

Stosh alikitazama. "Siku kama hizi hakuna anayetoa," akasema. "Na hospitali hazifungi."

Nikangoja mzaha. Haukuja. Alirudisha macho kwenye bawa lake.

Desemba 19

Imekoma. Zamu mbili. Sina la kuandika.

Desemba 25

Jonelle hakuweza kuja. Dada Lurleen aliimba peke yake sehemu ya binti yake, akakosea maneno, akaanza upya, akakosea tena. Baada ya ibada alinishika mkono, akanishukuru kwa kumfungulia barabara siku ya dhoruba ili ampeleke mtoto kliniki. Sikumbuki kufungua barabara yake. Nilifungua barabara zote.

Januari 2

Nilipokea simu nikidhani ni yadi.

"Usikate," Maureen akasema. "Dakika mbili, halafu sikusumbui tena."

Sikukata.

"Nafanya kazi hii miaka mingi. Nawajua wanaozimia. Wasichana wa shule, maaskari, kuna mcheza mieleka mmoja alianguka akavunja kiti changu. Unajua wanaorudi ni wangapi? Wa kuhesabu kwa vidole. Na si kwa sababu ya mwili. Mwili tunaujua: kunywa maji mengi kabla, kula chumvi, kaza mapaja wakati damu inatoka, lala mpaka nikuambie amka. Wengi hawaanguki tena. Hawarudi kwa sababu walionekana. Aibu, Bwana Tarpley. Aibu inanipotezea damu nyingi kuliko sindano mbovu."

"Mimi sina aibu."

"Basi una nini?"

Swali hilo hakuna aliyeniuliza. Nikaona sinki, na kikombe kinachovunjika. Nikamwambia dakika mbili zimekwisha.

Mzembe yule, na bado ana ujasiri wa kunifundisha.

Januari 6

Theluji nyepesi. Stosh kasahau mzaha wake mpaka saa sita. Anachoka.

Januari 12, Jumapili

Wiki nane zimetimia leo. Jumapili hawafungui. Vizuri.

Januari 13

Jumatatu wanafungua. Nilikuwa kazini.

Januari 14

Nilikuwa kazini, ingawa hakukuwa na theluji.

Januari 16

Nimekwenda. Niliegesha mbele ya kituo, nikazima injini. Kupitia kioo niliona watu wamelala kwenye viti, mtu mmoja anasoma gazeti mkono mmoja umenyooshwa, mtulivu kama yuko kwa kinyozi. Mikono yangu ikaanza kutoa maji. Nilikaa mpaka madirisha yakafunga ukungu, nisiwaone tena.

Nikaenda kununua mkate. Corinne akauliza mbona mikate miwili tunayo.

Januari 20

Jonelle kalazwa. Mapafu. Corinne ndiye aliyeniletea habari, kasimama mlangoni na koti bado mwilini. "Wanasema wanatakiwa wamtoe damu yake karibu yote wamwekee nyingine. Chupa sita, nane. Wanazo mbili."

Alinitazama. Sijui anajua nini. Sikumwambia kuhusu simu ya daktari.

Januari 22

Nimekwenda hospitali kabla ya zamu. Dada Lurleen alikuwa ameshuka kununua kahawa. Jonelle alikuwa na mpira wa hewa puani na mito mitatu mgongoni, anapumua kama mtu anayepanda ngazi.

"Anko. Umekuja na buti zinadondosha maji kote. Watakufukuza."

"Waache wanifukuze."

"Wamepata mbili kutoka Georgia." Akapumzika. "Nimeziona. Zimekuja kwenye boksi kama samaki."

Nikakaa. Nilikuja na maneno, yakapotea. Yeye akanisaidia, mgonjwa.

"Unaogopa nini?"

Nikamwambia. Sijapata kumwambia mtu, hata Corinne hajui kwamba nilikuwepo jikoni. Nilimwambia kuhusu baba na kikombe, na jinsi nilivyoketi nikimwita nikidhani anatania, kwa sababu alikuwa mtani sana. Nikamwambia siku ile ukumbini nilihisi mlango ule ule.

Alisikiliza macho yamefumba. Nikadhani kalala.

"Basi tunaogopa kitu kimoja," akasema.

Dada Lurleen akaingia na kahawa. Akanishukuru kwa kuja. Kila mara huyu mama ananishukuru.

Januari 24

Theluji. Zamu mbili. Nilijiambia Jumatatu.

Januari 26, Jumapili

Wakati wa chakula simu ikalia, jina la Maureen likatokea, nikaigeuza uso chini. Nikasema mwanamke huyu haoni haya, alinimwagia juisi mbele za watu na bado ananifuata.

Corinne akaweka uma chini.

"Wendell, suruali ile niliifua mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ile haikuwa juisi. Au tuseme haikuwa juisi peke yake." Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa na hasira. "Mtu akizimia mwili unajiachia. Yule mama alikuona kabla ya wote. Nilikuwa nimesimama pale. Alichukua kikombe mezani, akakutazama, akakumwagia, ndipo akaanza kupiga kelele. Nilitaka kulia. Nikaona, kama yeye kaificha, mimi ni nani niifunue?"

Sikuweza kumaliza chakula. Miezi miwili nimemwita mzembe. Nimemwita hivyo kwenye daftari hili, wino ninauona.

Nikaigeuza simu. Nikampigia. Hakuuliza kwa nini nimebadilika. "Kesho saa moja asubuhi, kabla hatujafungua," akasema. "Kula. Kunywa maji. Njoo na mkeo."

Januari 27

Nimetoa.

Maji vikombe viwili, na biskuti za chumvi mpaka ulimi ukawa gome. Maureen alilaza kiti kabisa. "Kaza mapaja. Legeza. Kaza. Niambie kuhusu lori."

"Nikuambie nini?"

"Linaanza vipi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye breki za hewa sauti yake ikaanza kwenda mbali. Nikasema, Maureen, mlango unafunga. Akaniinua miguu, akaniwekea kitambaa baridi shingoni, Corinne kanishika mkono hata pete ikanichoma. "Upo," Maureen akawa anasema. "Bado upo. Nakuona. Kaza mapaja, Wendell." Mlango ulibaki hivyo, nusu, muda ambao sijui ni kiasi gani. Kisha ukafunguka.

Chupa ilikuwa imejaa. Nyeusi kuliko nilivyokumbuka.

Nikamwambia, ile juisi. Akasema, juisi gani?

Nikamuuliza itafika lini kwa anayeihitaji. Akageuka kufunga mirija. "Lazima ipimwe kwanza, hata kwa haraka. Kesho kutwa, wakikimbia sana."

"Na itakwenda kwa nani?"

"Siruhusiwi kusema. Na ukweli wa Mungu, sijui. Ikitoka mikononi mwangu ni namba tu."

Januari 28

Theluji inchi kumi. Nimeendesha taratibu. Stosh kaona bandeji mkononi. Alinimegea soseji yake, nikala.

Januari 29

Ile barabara ya maabara inakopimwa damu haiko kwenye njia yetu. Nimeifungua mara mbili. Stosh alishusha bawa bila kuuliza.

Januari 30

Jonelle kafariki asubuhi ya leo.

Februari 2

Hakuna theluji. Yadi wameniambia nipumzike, nimekataa, nimefagia karakana.

Corinne alimuuliza muuguzi mmoja wa kanisani kwetu kama damu ilifika. Yule muuguzi hajui. Akamuuliza kama ingefika wiki mbili kabla ingemwokoa. Akasema mapafu yakishafika pale hakuna ajuaye. Akasema huenda ndiyo, huenda hapana.

Nayarudia maneno hayo nikifagia. Nikienda, huenda ndiyo. Nikirudi, huenda hapana.

Februari 8, Jumamosi

Mazishi. Usiku wa kuamkia leo ziwa limemwaga futi moja. Nilifika kanisani mapema na koleo la mkono, nikakuta uwanja umeshasafishwa mpaka lami inaonekana. Stosh alikuwa amekuja na gari lake mwenyewe lenye koleo dogo. Alikuwa ndani ya gari, suti yake imembana tumbo, anapuliza vidole.

"Nilikuwa sijui kama nakaribishwa ndani," akasema.

"Unakaribishwa."

"Wendell. Mambo yale ya mto, na kioo..."

"Achana nayo."

"Nilikuwa nakutania tu, bwana. Sikujua kuna mtu anakungoja."

"Mimi nilijua," nikamwambia.

Akanitazama. Tukaingia.

Jonelle walimvalisha rangi ya njano. Watoto aliowasuka walikaa mstari wa mbele, misuko imeanza kufumuka, mama zao hawakuwa na moyo wa kuifumua.

Februari 16, Jumapili

Dada Lurleen alinikuta chumba cha makoti. Tulikuwa peke yetu.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Jonelle hakuniambia. Hospitali hawakuniambia. Lakini mimi si mtoto. Ni wewe?"

Ningeweza kusema sijui. Hata ingekuwa kweli kidogo.

"Nadhani ni mimi."

"Ulikuwa unaruhusiwa kutoa lini?"

"Tarehe kumi na mbili Januari."

"Ukaenda lini?"

"Ishirini na saba."

Alianza kufunga vifungo vya koti. Alifunga kimoja pasipo pake, akakifungua, akakifunga tena.

"Tarehe kumi na mbili," akasema, "mtoto wangu alikuwa jikoni anakaanga mayai. Alikuwa ananicheka kwa sababu nimevaa soksi tofauti."

Nikasema, Dada Lurleen. Nikasema naomba.

"Usiniombe kitu leo." Akachukua mkoba wake. "Nimekushukuru kila wiki, Ndugu Tarpley. Uliniacha nikushukuru."

Akaondoka. Nilibaki katikati ya makoti ya watu mpaka Corinne alipokuja kunitafuta.

Februari 17 hadi 22

Theluji kila siku. Kazi.

Machi 3

Nimempigia Maureen. Nilitaka kumwambia asinipigie tena kamwe. Badala yake nikamwambia yaliyotokea chumba cha makoti.

Hakunifariji. Alisema: "Daktari ananiambia wako wengine wawili mjini wenye ugonjwa huu ambao damu yako inawafaa. Mmoja ni mama wa watoto. Sikuambii ili ujisikie vizuri. Nakuambia kwa sababu wapo."

"Nikianguka?"

"Utaanguka. Wengine huanguka kila mara. Wewe huenda ni mmoja wao."

Kwa nini jambo hilo lilinipa nguvu kuliko maneno mazuri yote, sijui.

Machi 11

Mvua. Marundo ya theluji kando ya barabara yamekuwa meusi, na takataka za majira yote zinatokeza: glavu, vitasa, sahani ya gari. Stosh kaniuliza kama kutoa damu kunauma. Nikamwambia hapana. Akauliza, hata kidogo? Nikamwambia, mzee, muulize mama yako.

Tukacheka kidogo, halafu tukaacha.

Machi 23

Mchungaji ametangaza watu wa benki ya damu watarudi Jumapili ijayo kwa jina la Jonelle. Akasema Dada Lurleen ndiye aliyeomba. Sikugeuka kumtazama.

Machi 30, Jumapili

Tumefungua makoleo juzi. Huu ndio mwisho wa maandishi ya mwaka huu.

Nilishuka ukumbini na Corinne upande mmoja na Stosh upande wa pili. Watu walikuwa wengi kuliko Novemba, wengine wamepanga foleni kwenye ngazi. Maureen alinipa kiti cha pembeni chenye godoro chini yake. Stosh alipewa kinachofuata. Alipoiona sindano akanyamaza kama jiwe, akatoa chupa yake yote akitazama dari, akainuka salama. Mtu yule yule wa mto na kioo.

Mimi nilifanya kila kitu. Maji, chumvi, mapaja. Nililala nilivyoambiwa, na zaidi. Maureen akasema haya, taratibu, kaa kwanza. Nikakaa. Nikasema niko sawa, na nilikuwa sawa, kisha ukumbi ukaanza kwenda mbali na nikajua. Safari hii sikutafuta meza. Nilisema tu, "Naenda," nikahisi mikono ya watu inanipokea.

Baba hakuwepo. Palikuwa giza tu.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye godoro, blanketi limenifunika kuanzia kifuani hadi magotini, na miguu yangu iko juu ya mapaja ya mtu. Alikuwa Dada Lurleen. Amekaa sakafuni na gauni lake la kanisani, amezishika buti zangu kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtu asiondoke.

Nikajaribu kuinuka.

"Lala," akasema. "Kichwa chini."

Nikalala. Watu walipita wakielekea vitini, wakatutazama, wakaendelea. Corinne alitaka kusogea, Maureen akamgusa mkono akabaki alipo.

"Sijakusamehe," Dada Lurleen akasema. Hakunong'ona.

"Najua."

"Nimejaribu. Naamka asubuhi nikiwa nimekusamehe, halafu naliona lile kaango la mayai."

Machozi yalikuwa yanashukia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali, na sikuweza kuyafuta, mkono mmoja una bandeji na mwingine ulikuwa mzito.

Akanisogeza miguu juu zaidi, karibu na kifua chake.

"Utarudi lini tena?"

"Mei. Mwisho wa Mei."

"Utaanguka."

"Nadhani."

"Basi njoo uangukie hapa," akasema, "nikuone."